Bawabu wa Mtandao
Swichi ya Cisco huisoma orodha ya masharti, iamuayo nani apite na nani azuiwe, mstari baada ya mstari, toka juu hata chini, na pakiti ya data ikishalingana na sharti moja, hukumu hupita papo hapo, wala yaliyosalia hayatazamwi tena. Hivyo fundi atangulizaye ruhusa ya wote, kisha akafuatisha katazo la kompyuta moja, amefanya kazi bure. Orodha za nambari 1 hadi 99 hutazama anwani ya mtumaji tu. Za 100 hadi 199 hupeleleza hata poti, kama 23 ya Telnet, ambayo, kwa rai yangu, yastahiki kufungwa daima. Na mwishoni pana katazo lisiloandikwa, lizuialo kila kisichotajwa: usiitie orodha kazini, ewe fundi, kabla hujajiruhusu mwenyewe kuingia.