Waya wa Tatu: Usalama wa Stima Katika Kliniki na Vyumba vya Madaktari wa Meno

Kliniki nyingi katika miji yetu hazikujengwa ziwe kliniki. Ni vyumba vya kupanga vilivyowekewa nyaya za kuwasha taa, redio na friji ya soda. Siku daktari wa meno anapokodi chumba kama hicho, huleta kiti kinachoendeshwa kwa stima, kompresa, mashine ya eksrei na chombo cha kuchemshia vifaa. Taa zinawaka, kiti kinapanda na kushuka, na kila mtu anaona mambo yako sawa. Lakini taa kuwaka si ushahidi kwamba mgonjwa yuko salama.

Stima inayofika kwenye soketi zetu ni ya volti 240. Nyaya mbili, wa moto na wa nyutro, zinatosha kuendesha mashine. Waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na manjano, hauendeshi chochote. Huo ndio waya wa ardhi, ambao mafundi huuita erthi. Kwa kuwa mashine hufanya kazi bila waya huo, unaweza kukosekana kwa miaka mingi bila mtu kujua.

Kazi ya waya wa ardhi

Waya huu huunganisha chuma cha nje cha mashine na ufito wa shaba uliochomekwa udongoni nje ya jengo. Waya wa moto ukichubuka ndani ya kiti na kugusa chuma, stima hupata njia ya kwenda ardhini na swichi ya usalama kwenye bodi hukata. Waya huo usipokuwepo, hakuna kinachokata. Kiti chote hubaki na volti 240, kikimngoja mtu wa kukigusa.

Kwa nini mgonjwa yuko hatarini zaidi

Ngozi kavu hupunguza stima inayoingia mwilini. Mdomo una maji na mate, hauna kinga hiyo. Mgonjwa aliyedungwa dawa ya ganzi, huku vyombo vikiwa mdomoni, hawezi kujinasua haraka wala kupiga kelele.

Kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Mtu huanza kuhisi stima ikifika takriban miliampia 1, na makumi machache ya miliampia yakipita kifuani yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ndiyo sababu kliniki huhitaji pia swichi inayogundua stima inayovuja na kuikata ikifika miliampia 30. Swichi hii ni muhimu hasa mahali penye udongo mkavu, ambapo stima inayopita ardhini huenda isitoshe kuangusha swichi ya kawaida.

Vyumba havilingani

Viwango vya kimataifa hugawa vyumba vya matibabu katika makundi matatu. Kundi 0 ni vyumba ambavyo mgonjwa haunganishwi na kifaa cha stima. Kundi 1 ni vyumba ambavyo vifaa hivyo humgusa mgonjwa, na hapa ndipo chumba cha meno huwekwa kwa kawaida. Humo, pamoja na swichi ya miliampia 30, vyuma vilivyo karibu na mgonjwa, yaani kiti, mabomba ya maji na sinki, huunganishwa kwa waya ili kusiwe na tofauti ya volti kati ya kimoja na kingine.

Kundi 2 ni vyumba kama vya upasuaji mkubwa na wagonjwa mahututi. Huko stima ikikatika ghafla mgonjwa anaweza kufa. Kwa hivyo hutumika transfoma maalumu pamoja na kifaa kinacholia kuonya hitilafu inapotokea, bila kuzima mashine.

Makosa ya kuepuka

Mashine ikija na plagi ya pini mbili, wengine hutumbukiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi iingie. Tundu hilo ni la erthi. Mashine inayohitaji erthi sasa inafanya kazi bila kinga.

Kosa baya zaidi ni la fundi kuunganisha nyutro na erthi ndani ya soketi ili ionekane kamili. Kipima-soketi cha kawaida kitaonyesha kila kitu ni sawa. Siku nyutro itakapokatika, chuma cha mashine kitapata moto.

Wenye kliniki zinazotumia jenereta au sola wahakikishe kuwa erthi na swichi ya uvujaji zinafanya kazi hata stima ya kawaida ikipotea.

Mwenye kliniki afanye nini?

1. Tumia fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA). Iangalie leseni yenyewe na tarehe yake ya mwisho.
2. Mwombe fundi vipimo vya erthi kwa maandishi, si neno la mdomo. Vipimo vichukuliwe wakati wa kiangazi, maana udongo mkavu hupitisha stima kwa shida.
3. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya uvujaji kila baada ya miezi mitatu. Isipokata, ibadilishwe.
4. Usiendeshe kiti wala mashine ya eksrei kwa ekstensheni.
5. Yeyote akihisi mtekenyo anapogusa mashine, izime, ichomoe na uite fundi. Mtekenyo huo ni onyo.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Ukiona nyaya zilizochubuka au soketi iliyoungua karibu na kiti cha matibabu, mweleze mhudumu kabla ya kuketi. Asipojali, piga ripoti katika ofisi ya afya ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe.

Kupima erthi ni kazi ya muda mfupi, na hakuna sababu ya kungoja mgonjwa ndiye awe kipimo.