Kubishana kwa Ushahidi: Makundi ya Kujisomea na Mtihani wa Historia ya Marekani

Kila mwaka, ifikapo mwezi Mei, mamia ya maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Marekani hufanya mtihani wa historia ya nchi yao unaotungwa na College Board, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1900. Mtihani huo ni sehemu ya mpango uitwao Advanced Placement, ambao humwezesha mwanafunzi kusoma somo kwa kiwango cha mwanzo cha chuo kikuu akiwa bado sekondari, na alama zake huanzia 1 hadi 5. Somo lenyewe limegawanywa katika vipindi tisa, kuanzia mwaka 1491, yaani mwaka mmoja kabla ya Christopher Columbus kufika katika visiwa vya Karibi, hadi zama za leo. Ndiyo maana wiki za mwisho huwakuta wanafunzi wengi wamekusanyika maktabani au nyumbani kwa mmoja wao, wakigawana sura za vitabu na kuulizana maswali. Makundi hayo yana faida kubwa, lakini faida hiyo hutegemea kile ambacho wanakundi hukifanya wanapokutana.

Muundo wa mtihani unaonyesha kwa nini. Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, mtihani huchukua saa 3 na dakika 15, ukiwa na maswali 55 ya kuchagua jibu yenye uzito wa asilimia 40, maswali 3 ya majibu mafupi yenye asilimia 20, swali la nyaraka lenye asilimia 25 na insha ndefu yenye asilimia 15. Katika swali la nyaraka, mtahiniwa hupewa nyaraka 7, kama vile barua, hotuba au katuni za magazeti, naye hutakiwa kujenga hoja, kuiweka katika muktadha, yaani mambo yaliyokuwa yakiendelea katika zama zinazohusika, kisha kuitetea kwa nyaraka hizo na kwa jambo jingine analolijua mwenyewe. Aliyekariri tarehe bila kufahamu kwa nini matukio yalifuatana hujikuta ana tarehe nyingi na hoja hana.

Thamani ya kundi huonekana hasa wanafunzi wanapokabili jambo lenye ubishi, kwa mfano chanzo cha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865. Mmoja anaweza kushika msimamo kwamba majimbo ya Kusini yalijitenga ili kulinda haki za majimbo, yaani mamlaka ya kila jimbo kujiamulia mambo yake bila kuingiliwa na serikali kuu. Mwenzake akifungua tamko la Desemba 1860 la South Carolina, jimbo la kwanza kujitenga, atamwonyesha kwamba tamko hilo linayalalamikia majimbo ya Kaskazini kwa kutunga sheria zao zilizokwamisha kurejeshwa kwa watumwa waliotoroka, na kwa hiyo South Carolina ilizipinga haki zilezile za majimbo pale zilipotumika dhidi ya utumwa. Wa tatu anaweza kumleta Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, ambaye Machi 1861 mjini Savannah alitangaza kwamba serikali yao mpya imejengwa juu ya imani kuwa mtu mweusi hayuko sawa na mtu mweupe, lakini baada ya kushindwa vitani akaandika kitabu kilichodai kwamba mgogoro ulihusu mipaka ya mamlaka ya serikali kuu. Hapo kundi limeshaingia katika uhakiki wa chanzo, yaani kuuliza nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani na kwa lengo gani, ujuzi ambao una alama yake katika swali la nyaraka. Anayesoma peke yake anaweza kuyafikia hayo yote, ila mara nyingi mtu huridhika na maelezo yake mwenyewe mpaka atokee wa kuyapinga.

Baadhi ya uchunguzi kuhusu kujifunza pamoja ni sehemu ya historia hiyohiyo. Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwatenga wanafunzi wa shule za umma kwa misingi ya rangi ni kinyume cha katiba, lakini utekelezaji ulisuasua kwa miaka mingi. Mwaka 1971, shule za Austin, Texas, zilipowachanganya watoto waliokuwa wametengwa na uhasama ukazuka madarasani, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni njia ya kuligawa somo vipande, kila mtoto akabidhiwe kipande chake, akielewe na kuwafundisha wenzake, hivyo asiwepo anayeweza kulijua somo zima bila kuwasikiliza wengine wote. Njia hiyo inafaa sana kwa historia. Kundi la watu wanne likigawana Mapatano ya Missouri ya 1820, Mapatano ya 1850, Sheria ya Kansas-Nebraska ya 1854 na hukumu ya Dred Scott ya 1857, anayeeleza sheria ya 1854 hawezi kumaliza bila kumrudia mwenzake wa 1820, kwa kuwa sheria hiyo ndiyo iliyofuta mpaka wa utumwa uliowekwa na mapatano ya mwanzo.

Hata hivyo, kukaa pamoja peke yake hakutoshi. Wataalamu wa kumbukumbu wamebaini kwamba watu wanaojaribu kukumbuka jambo kwa pamoja kwa kawaida hutaja machache kuliko jumla ya yale ambayo wangeyataja kila mmoja kivyake, kwa sababu maneno ya mmoja huvuruga mtiririko wa kumbukumbu ya mwingine. Aidha, mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma kifungu walifanya vizuri walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokumbuka zaidi ni wale waliokisoma kisha wakajipima bila kukitazama. Kwa hiyo kila mwanakundi anapaswa kwanza kufunga kitabu na kuandika peke yake anachokikumbuka, ndipo mjadala uanze. Vinginevyo mwepesi wa kusema atawasemea wote, nao wataondoka wakidhani wanajua walichosikia tu.

Kazi inayofaa zaidi kwa siku za mwisho ni kusahihishana. Kila mmoja huandika insha kwa dakika 40 zilezile za mtihani, kisha hubadilishana na mwenzake na kuipima kwa mwongozo wa usahihishaji ambao College Board huuchapisha, akitafuta kama hoja ipo, kama muktadha umeelezwa na kama ushahidi unaithibitisha hoja au umepachikwa tu. Mwanafunzi anayeweza kumwonyesha mwenzake mahali hoja yake ilipolegea huwa ameanza kujua namna ya kuikagua ya kwake mwenyewe, na huo ndio msaada pekee wa kundi ambao anaruhusiwa kuingia nao katika chumba cha mtihani.