Fedha za Wahisani Zinapovuka Kobero

Mizigo mingi ya Burundi inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam huingia nchini humo kupitia Kobero, tarafa ya Butihinda, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga, baada ya kupita Kabanga upande wa Ngara. Mafuta, saruji, ngano, vyandarua, dawa: kila kitu kina ankara yake na mlipaji wake. Ankara za saruji hulipwa na mfanyabiashara wa Bujumbura au Gitega. Za dawa ya malaria ya mtoto wa miaka miwili, mara nyingi, hulipwa na mtu aliye mbali asiyemjua mtoto huyo, kwa njia ya ruzuku. Biashara hii ya ruzuku ina bei zake, wakaguzi wake, wadai na wadaiwa wake, nayo inastahili kuchambuliwa kwa umakini uleule tunaoupa kahawa au madini.

Mfumo wa sasa wa ruzuku za afya nchini Burundi chanzo chake ni tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alipotangaza kwamba watoto walio chini ya miaka mitano watatibiwa bure, na akina mama watajifungua bila kulipa. Vituo vilifurika na dawa zikaisha. Mwaka huohuo mashirika ya Uholanzi, Cordaid na HealthNet TPO, yalianza kujaribu mikoani utaratibu wa kulipa kituo kulingana na kazi kilichofanya, na Aprili 2010 serikali ikauunganisha na matibabu ya bure nchi nzima. Kila huduma ina bei: chanjo kamili, uzazi, mtoto aliyetibiwa. Kamati ya mkoa ilikuwa ikikagua madaftari, kisha vikundi vya wananchi vikipanda vilimani wanakoishi wagonjwa kuhakikisha kwamba aliyeandikwa yupo kweli na alihudumiwa kweli. Serikali ilijifunga kuchangia asilimia 1.4 ya bajeti yake. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 25 mwaka 2009 na nyingine milioni 50 mwaka 2017 kupitia mradi wa KIRA, zote zikiwa ruzuku wala si mkopo. Umoja wa Ulaya, shirika la chanjo la Gavi na wengine nao walitia mkono.

Je, fedha hizo zilinunua nini? Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulikuta asilimia 60 ya uzazi ukifanyika katika vituo vya afya. Ule wa 2016–17 ukakuta asilimia 84. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 96 hadi 78 kwa kila watoto elfu moja wanaozaliwa hai. Ni mafanikio makubwa kwa nchi maskini kiasi hicho, na anayesema misaada haifai kitu ayatazame. Lakini katika kipindi hichohicho udumavu wa watoto ulishuka kutoka asilimia 58 hadi 56 tu, kiwango cha kutisha hata kikilinganishwa na nchi nyingine duniani. Zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi ni wafupi kwa umri wao, na akili na nguvu walizopoteza hazirudi kirahisi.

Naona sababu iko ndani ya mkataba wenyewe. Kituo kinalipwa kwa kinachoweza kuandikwa daftarini mlangoni pake. Uzazi unaandikika. Chanjo inaandikika. Uji mzito wenye maharage na dagaa, choo chenye maji ya kunawa, mama aliyepumzika kati ya mimba na mimba: hayo hutokea nyumbani, siku baada ya siku, na hayana ankara.

Ndiyo maana ruzuku za kazi za vilimani zina thamani inayozidi ukubwa wake. Mkoani Kayanza, shirika la World Relief liliendesha mradi wa Ramba Kibondo katika wilaya ya afya ya Gahombo, likitumia akina mama wa kujitolea kufikisha ujumbe kwa majirani zao, kaya kwa kaya. Muyinga ilikuwa na mpango wa Amashiga wa Catholic Relief Services, uliolipiwa na Marekani kuanzia 2014, ukishika chakula, lishe na malezi kwa pamoja. Kuna pia madarasa ya lishe ya siku 12, ambako mama ambaye mtoto wake amenawiri licha ya umaskini uleule huwafundisha wenzake kupika kwa mazao ya shamba lao, na watoto hupimwa uzito mwanzo na mwisho. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 60 kwa mradi wa Nkuriza, unaolenga udumavu na uzazi wa mpango. Hatua hiyo ilichelewa, lakini ilielekea mahali panapostahili.

Wanaobeba kazi hii yote ni wahudumu wa afya ya jamii. Hawana mshahara. Wanapima utapiamlo kwa utepe wa mkononi, na katika maeneo ya mpango wa malaria wanapima na kutibu watoto wadogo kwa dawa mseto hukohuko kilimani. Malipo yao, yanapokuwepo, hupitia vikundi vyao kwa viashiria vilivyofikiwa, na vikundi vingi huziingiza fedha hizo katika mifugo au kilimo ili wanachama wapate chochote miezi ambayo mfadhili yuko kimya. Kwa hesabu ya kibiashara, hawa ndio wawekezaji wakubwa wa sekta hii: mtaji wao ni siku za shamba walizoziacha.

Nao si pekee wanaoukopesha mfumo huu. Kituo kinachotibu bure leo husubiri kulipwa baada ya ukaguzi, na malipo yamekuwa yakichelewa. Katikati hapo kituo kinakopa dawa, au kinakaa bila dawa. Tunasoma kwamba mfadhili fulani amegharimia matibabu ya watoto. Kwa wiki au miezi kadhaa aliyeyagharimia ni muuguzi mkuu wa kituo cha kijijini na deni lake la dawa.

Halafu kuna bei ya fedha yenyewe. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38, lakini pengo la soko la mitaani halikuzibika. Kufikia 2025 dola moja mtaani ilikuwa na thamani zaidi ya mara mbili ya ile ya benki. Shirika linalofuata sheria hubadilisha ruzuku yake benki, kisha linanunua sabuni, unga na usafiri kwa bei zinazofuata mtaa. Ongeza uhaba wa mafuta uliowaacha watu wakipanga foleni kwa siku kadhaa, na gari la chanjo la Muyinga linakuwa ghali hata pale dizeli inapopatikana. Mfadhili anayeandika bajeti yake kwa dola na kuifunga kwa miaka mitatu bila kifungu cha kubadilika kwa bei anawakata wahudumu wa vilimani bila kukusudia, kwa kuwa posho zao ndizo rahisi kupunguza kuliko zote.

Misaada ya watu binafsi ina wepesi ambao serikali hazina. Hospitali ya Kibuye Hope, Gitega, ilipata dola 500,000 mwaka 2016 daktari wake wa upasuaji, Jason Fader, aliposhinda tuzo ya Gerson L'Chaim, nazo zikaingia katika upanuzi na mafunzo. Lakini hospitali moja haiwezi kushika wilaya nzima, na milango ya serikali kubwa hufungwa kwa sababu zisizohusiana na mtoto. Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali ya Burundi Machi 2016 na kuirudisha Februari 2022, ingawa fedha za afya ziliendelea kupitia mashirika. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Hapo hapakuwa na njia ya mchepuko iliyoandaliwa.

Mwaka huohuo wa 2025 mikoa 18 ya Burundi iliunganishwa kuwa mitano. Muyinga imeingia katika mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Mfumo wa malipo uliegemea kamati za ukaguzi za mikoa ya zamani, kwa hiyo anayetaka kujua hali ya ruzuku za afya katika ukanda wa Kobero asianze na matangazo ya wafadhili. Aulize kwanza ni nani sasa anayesaini ankara za vituo vya Butihinda, zinachukua siku ngapi kufika benki, na vikundi vya wahudumu wa jamii vimelipwa mara ya mwisho lini.