Boriti za Nyumba ya Bibi na Malengo Sita ya Misitu

Mwaka juzi nilimpelekea mpwa wangu Unguja fedha za kununua boriti. Nyumba ya marehemu bibi yetu, upande wa Ghuba ya Chwaka, dari yake ilikuwa imeanza kushuka, na boriti tano au sita zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Mimi niliondoka pale mdogo nikakulia hapa Maskati, kwa hiyo nilidhani ni kazi ya siku mbili: mtu anaingia mikokoni na shoka, anatoka na boriti. Baada ya wiki tatu nikapata ujumbe wa sauti: "Mjomba, mikoko haikatwi ovyo siku hizi. Huku karibu ni hifadhi, hakuguswi. Kule kwengine kunaruhusiwa kidogo, lakini lazima nende kwenye kamati ya shehia, halafu nipate kibali cha misitu. Subiri."

Nilikasirika, sitaficha. Jioni nikalalamika mbele ya wenzangu kwenye kahawa: mikoko iliyokatwa na mababu zetu, leo tuiombee ruhusa? Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaniuliza, "Na wewe unajua boriti ngapi zimeshushwa pwani hizi, kutoka huko kwenu?" Sikuwa na jibu.

Swali lake lina uzito kwetu sisi wa huku kuliko kwa watu wengine. Kwa karne nyingi majahazi yaliondoka Lamu, delta ya Rufiji na visiwani yakiwa yamepakia boriti za mikoko, yakaja kuziuza Ghuba. Nchi za huku hazikuwa na miti mirefu iliyonyooka, na mkoko hauliwi upesi na wadudu. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, Mji Mkongwe na hata katika miji ya zamani ya Ghuba, ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, mita tatu na kitu. Dari zile tunazozipiga picha tukipeleka watoto makumbusho ni mikoko ya Afrika Mashariki. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, ilipoonekana wazi kwamba msitu hauwezi kulisha soko lisilo na mwisho.

Basi nikaanza kufuatilia: hiyo sheria iliyomzuia mpwa wangu imetoka wapi, na inamlinda nani?

Juu kabisa kuna Umoja wa Mataifa. Mwezi Aprili 2017 Baraza Kuu lilipitisha Mpango Mkakati wa Misitu wa 2017 hadi 2030. Una malengo sita, na ndani yake shabaha 26. Kwa ufupi unataka misitu iache kupungua, na eneo lake duniani liongezeke kwa asilimia 3 ifikapo 2030. Wanaoishi kwa kutegemea misitu wapate faida ya kweli. Maeneo yanayohifadhiwa na yanayovunwa kwa utaratibu yaongezeke, fedha zipatikane, utawala uwe mzuri, na nchi zishirikiane. Hakuna nchi inayoadhibiwa isipotimiza. Kila serikali inatangaza kwa hiari yake mchango itakaoutoa, kisha inaripoti. Wakati mpango huu unapitishwa, dunia ilikuwa ikipoteza kiasi cha hekta milioni 10 za misitu kila mwaka kwa kukatwa na kugeuzwa matumizi.

Mpango usio na adhabu, mtu anaweza kuucheka. Nami nilicheka. Lakini lengo la dunia halikati wala halipandi mti. Linalofanya kazi ni sheria ya nchi, na hapo ndipo mambo yanapotofautiana sana baina ya jirani na jirani.

Wengi wetu tunasahau kwamba misitu si jambo la Muungano. Tanzania Bara ina Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Zanzibar ina yake, Sheria Na. 10 ya 1996. Ukiangalia tarehe utaona kwamba zote zilitangulia mpango wa 2017 kwa miaka mingi. Kwa hiyo si kweli, kama ninavyosikia watu wakisema, kwamba "wazungu wametuletea sheria". Mambo ambayo dunia iliyaandika kuwa malengo mwaka 2017, shehia za Unguja na Pemba zilikuwa zimeshayajaribu, na zimeshaona utamu na uchungu wake.

Kiini cha sheria ya Zanzibar, kwa maoni yangu, ni kitu kimoja: mkataba wa usimamizi wa msitu baina ya serikali na jamii. Zamani msitu ulikuwa wa serikali, na mwanakijiji alikuwa mwizi mtarajiwa. Askari wa misitu walikuwa wachache, usiku mrefu, na shoka halina pasi ya kusafiria. Kwa mkataba, watu wa shehia wanakaa chini, wanachora mipaka ya msitu wao na kuugawa. Sehemu moja haiguswi kabisa. Sehemu nyingine inatumiwa kwa utaratibu, kama vile kuni, boriti, dawa na mizinga ya nyuki. Pengine huachwa na eneo la kilimo. Wanachagua kamati, wanaandika sheria ndogo, wanafanya doria wenyewe. Anayetaka kukata anaomba, na anayekutwa bila kibali anatozwa. Ile kamati iliyomchelewesha mpwa wangu ndiyo hii. Haikuwa ofisi ya mjini. Walikuwa watu wanaomjua kwa jina, na mmoja wao alisoma naye skuli.

Hilo lilinibadilisha kidogo. Kukataliwa na jirani yako si sawa na kukataliwa na serikali. Jirani anajua mkoko ule ukiondoka kaa na kamba wanaondoka, na mawimbi yanaingia shambani.

Lakini doria haijazi chungu, na hapa ndipo sera nyingi nzuri zinapokwama. Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, kiasi cha kilomita za mraba 50, ndiko anakoishi kima punju, ambaye kwa asili hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja. Watalii wanalipa kumuona. Kima huyo huyo anatoka msituni na kula mazao ya watu. Utaratibu wa kurudisha sehemu ya mapato ya utalii kwa vijiji na kwa wakulima wa jirani ndio uliowafanya wengi wamvumilie. Sisemi fedha zile zinatosha. Ukikaa na mkulima wa pale hutasikia hivyo. Nasema bila ya zile, kima asingekuwa na rafiki.

Halafu kulikuwa na mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, kuanzia 2010 hadi 2014, kwa msaada wa Norway. Uliongeza sana mikataba ya shehia, Unguja na Pemba, na uliwapa watu matumaini ya kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti yao. Mikataba ilibaki. Malipo yaliyotarajiwa hayakulingana na maneno yaliyosemwa mikutanoni, na mtu aliyeacha kukata kuni kwa kuahidiwa ana haki ya kuuliza. Kama kuna sehemu moja ya sera hizi inayostahili lawama, ni hiyo ya kuahidi kabla ya kuwa na mnunuzi.

Mambo haya yanaweza kufanikiwa, na ushahidi hauko mbali. Gazi, Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, wanakijiji wanasimamia hekta 117 tu za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa tangu miaka ya 2013 na 2014, na fedha zimeingia kwenye maji na skuli. Sheria ya Kenya inawaruhusu wanajamii kuunda chama cha msitu na kuingia makubaliano na serikali. Eneo ni dogo, hesabu zake zinaonekana, kila mtu anajua bomba lile la maji limetoka wapi. Na Kilwa, Tanzania Bara, vijiji vilivyotangaza misitu yao kuwa hifadhi za vijiji chini ya sheria ya 2002 vinavuna mpingo kwa kiasi kilichopangwa na fedha zinabaki kijijini. Mwaka 2009 misitu ile ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, ikiwa ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mpingo ule ndio unaochongwa zumari huko Ulaya. Zamani mfanyabiashara alikuja na lori na kuwapa wazee chochote alichotaka. Sasa kijiji ndicho kinachouza.

Utaona Gazi na Kilwa wanafanana kwa jambo moja: aliye karibu na mti anajua lipi ni lake, na analipata mkononi.

Kuna jambo jengine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Misitu ya maweni ya Unguja na Pemba haimalizwi na boriti. Kinachoila zaidi ni jiko: kuni, makaa, na tanuri za kuchoma chokaa ya kujengea. Na nani anayejenga? Angalia nyumba mpya zinazoota kila kijiji. Nyingi zina fedha za Maskati, Dubai na London ndani yake. Nilipofanya hesabu ya nyumba yetu niligundua kwamba chokaa niliyoagiza ilichoma kuni nyingi kuliko boriti zote za bibi. Mtungi wa gesi na jiko lake ni zawadi ya bei ndogo kuliko simu tunazowapelekea, na shangazi yangu ameacha kununua makaa ila siku za shughuli. Anasema wali wa gesi hauna harufu nzuri. Tumekubaliana kutokukubaliana.

Hapa Maskati, mtaa tunaouita Qurm umepewa jina la mti. Qurm ni ule ule mchu wetu, ndio mkoko wa aina moja tu unaoota Oman, wakati kwetu ziko aina nyingi: mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mkomafi. Oman imeufanya msitu ule kuwa hifadhi, na imekuwa ikipanda michu katika makhuri ya pwani kwa zaidi ya miaka 20. Siku moja niliwapeleka watoto wangu ukingoni mwa uzio, nikawaonesha mizizi midogo iliyochomoza topeni kama penseli. Binti yangu akauliza kwa nini kumezungushiwa uzio. Nikamweleza kwamba hapa yamebaki machache. Akauliza kama kwa bibi nako kuna uzio. Nikamwambia hakuna, kuna kamati.

Boriti zilipatikana baada ya miezi miwili. Kibali kilitoka cha nne tu, zikatwe eneo la matumizi, na mpwa wangu alinitumia picha ya karatasi yenye muhuri kama mtu aliyeshinda kesi. Mbili zilizobakia fundi alitumia mivinje, iliyopandwa na mtu shambani kwake kwa ajili ya kuuza. Nilimuuliza fundi kama zitadumu. Akasema mkoko utamzika yeye na mimi, mvinje nimpake dawa na nimuombee. Mpwa wangu sasa anataka nimpelekee fedha nyengine: amepata kipande cha ardhi cha maweni kisichofaa kwa muhogo, anataka apande mivinje mia mbili.