Kakao ya Kyela: Kadimi yaingia katika hesabu za mnunuzi

Mfanyabiashara wa kakao Katumba Songwe amezoea kupima mzigo kwa macho na pua: ukavu, uvundikaji, ukungu. Sasa hana budi kuongeza jambo ambalo halionekani wala halinuki, nalo ni kadimi, metali nzito ambayo mti huinyonya kutoka udongoni na kuihifadhi ndani ya punje.

Tangu Januari 1, 2019, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kadimi katika chokoleti. Chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 50 au zaidi haitakiwi kuzidi miligramu 0.80 kwa kilo. Unga wa kakao unaouzwa madukani ni 0.60, na chokoleti ya maziwa yenye kakao chini ya asilimia 30 ni 0.10. Kikomo hicho hakikuwekwa kwenye gunia, bali kwenye bidhaa iliyokamilika. Hata hivyo, mwenye kiwanda humrudishia muuzaji wa punje mzigo huo, kama walivyokwisha kuona wakulima wa Ecuador na Peru.

Mmea hauna haja yoyote na kadimi. Tatizo ni kwamba kadimi inafanana na zinki, hivyo huingia mzizini kwa mlango ule ule wa zinki, chuma na manganizi. Ikizidi, mizizi hudumaa, majani hugeuka manjano, na mbolea iliyonunuliwa kwa fedha taslimu hubaki udongoni bila kunyonywa. Lakini mara nyingi kiasi kilichopo hakifiki huko. Mti hustawi vizuri kabisa, na habari hujulikana maabara tu. Mkulima asidanganywe na shamba la kijani.

Kinachofungua mlango huo zaidi ni udongo wenye tindikali. Mvua nyingi za Kyela huosha chokaa ya ardhini, na udongo unapokuwa mchachu kadimi huyeyuka na kunyonyeka kwa urahisi. Isitoshe, bonde hili limejengwa na matope ya mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Uchunguzi uliofanywa Honduras ulikuta kadimi nyingi zaidi katika kakao iliyopandwa kwenye matope ya mito kuliko ya ardhi nyingine. Hilo halitoshi kuihukumu kakao yetu, ila linatosha kuipima.

Wako wanaotaja pia zebaki ya wachimbaji dhahabu wa Chunya kila jina la Songwe linapotajwa. Hayo ni majina kugongana. Maji ya Chunya huelekea Ziwa Rukwa, kama ilivyo Songwe ya huko; Songwe ya mpaka wa Malawi ndiyo iingiayo Nyasa.

Chanzo kingine ni mbolea ya fosfeti, kwa kuwa miamba mingine ya fosfeti ina kadimi ya asili. Ulaya, tangu Julai 2022, hairuhusu zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo ya fosfeti. Mwenye duka la pembejeo amwombe msambazaji cheti cha vipimo kabla ya kulipa.

Kwa wauza mchele mambo ni kinyume: jaruba lenye maji hufunga kadimi, lakini hufungua aseniki.

Machi 2024, kakao ilipovuka dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, wanunuzi walichukua walichopata. Mwaka 2025 bei ilishuka, na mnunuzi amerudi kuchagua. Katika mnada wa stakabadhi ghalani, mzigo wa bondeni ukichanganywa na wa milimani, mmoja mbaya huutia doa mzima. Vyama vya msingi vingefaidika kutenga magunia kwa kijiji na kupima sampuli kabla ya mnada.

Dawa ya udongo ni chokaa ya kilimo, kwa kiasi, maana ikizidi huifunga hata zinki. Mizizi inayolisha mkakao iko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo chokaa iliyonyunyizwa juu huifikia, ingawa polepole. Mawe ya chokaa yako Songwe ile ya Mbeya, kilipo kiwanda cha saruji. Kinachobaki ni hesabu ya kusaga na nauli ya lori hadi Kyela kabla ya mvua za Machi.