Kula mchana wa Ramadhani: dhambi au kosa la jinai?

Machi 2024 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 12 kwa kula hadharani mchana wa Ramadhani. Je, hiyo ni kazi ya serikali?

Katiba ya Zanzibar ya 1984, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani. Katiba ya Muungano, ibara ya 3, inasema nchi yetu haina dini.

Qurani yenyewe inamruhusu mgonjwa na msafiri wasifunge, walipe siku nyingine. Basi anayeshuka garini Konde akameza dawa kwa maji, lazima amweleze askari maradhi yake?

Kuwastahi wanaofunga ni ada njema, nasi tunaiunga mkono. Lakini funga ni ya mtu na Mola wake. Pingu haziongezi imani, zinaongeza woga.