Choo kikifurika hadi ndani ya nyumba: ondoa uchafu kwanza, dawa baadaye



Kila msimu wa mvua baadhi ya vyoo vya shimo hujaa maji na kufurika. Maji hayo hutelemka hadi kwenye nyumba zilizo chini, hulowesha sakafu, magodoro na hata mgao wa chakula. Familia nyingi hufanya haraka kumwaga klorini au majivu juu ya uchafu, harufu inapungua, kisha watu wanalala humo humo. Makala hii inaeleza kwa nini njia hiyo haitoshi, timu ya usafi wa mazingira hufanya nini inapofika kwako, na wewe ufanye nini kabla haijafika.

MAJI HAYA YANA HATARI GANI?

Maji ya choo si matope ya kawaida. Yana vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya E, pamoja na mayai ya minyoo. Wengi wetu tunajua yaliyotokea Goma mwezi wa Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu vilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Mwaka 2018 kipindupindu kiliingia wilaya ya Hoima, Uganda, kati ya watu waliovuka Ziwa Albert wakitoka Ituri, na zaidi ya watu 2,000 waliugua. Huko Kitgum, kaskazini mwa Uganda, homa ya ini aina ya E iliwapata zaidi ya watu 10,000 kuanzia mwaka 2007 hadi 2009, wengi wao wakiwa katika kambi za waliokimbia vita. Ugonjwa huu ni hatari zaidi kwa mama mjamzito. Kwa hiyo mjamzito asishiriki kabisa kazi ya kusafisha maji ya choo, hata kama ni nyumba yake mwenyewe.

KWA NINI KLORINI PEKE YAKE HAITOSHI?

Klorini huua vijidudu inapovigusa. Ikikuta kinyesi na matope, nguvu yake huishia kwenye uchafu huo kabla haijavifikia vijidudu vilivyo chini. Sakafu itanuka klorini, nawe utadhani iko salama, kumbe bado. Isitoshe, mayai ya minyoo hayafi kwa klorini tunayotumia, na yanaweza kukaa udongoni miezi mingi. Dawa yake ni kuyaondoa na kuyazika.

Ndiyo maana timu hufuata mpangilio huu bila kuugeuza: kuondoa, kuosha, kutia dawa, kusubiri, kukausha.

HATUA ZA MWANZO KABLA TIMU HAIJAFIKA

1. Toa watoto, wajawazito, wazee na wagonjwa nje. Wapeleke kwa jirani aliye sehemu ya juu.
2. Mjulishe kiongozi wa bloku au mhamasishaji wa afya mara moja. Sema ni choo kipi kimefurika na nyumba ngapi zimeguswa.
3. Choo hicho kisitumiwe tena. Kama hakifungwi, kila ndoo itakayochotwa ndani itarudi.
4. Chimba mfereji mdogo upande wa juu wa nyumba ili maji ya mvua yapite pembeni. Usiuelekeze kwa jirani wala kwenye bomba la maji.
5. Usiingie peku. Vaa buti za mpira na glavu. Kama huna, funga mifuko ya nailoni isiyotoboka mikononi na miguuni juu ya viatu. Mwenye kidonda asifanye kazi hii.

TIMU INAFANYA NINI?

Kwanza huondoa. Uchafu mzito huzolewa kwa koleo na kutiwa kwenye ndoo iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Majivu au mchanga husaidia kufyonza majimaji ili yazoleke, lakini hayachukui nafasi ya dawa. Uchafu hupelekwa kwenye choo ambacho hakijajaa, au huzikwa kwenye shimo lililo angalau mita 30 kutoka chanzo chochote cha maji.

Pili huosha. Sakafu ya saruji, milango, vitanda vya mbao na vyombo vya plastiki husuguliwa kwa maji na sabuni mpaka uchafu usionekane tena. Hii ndiyo kazi inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo watu huiruka.

Tatu hutia dawa. Kwa sakafu na kuta ngumu timu hutumia klorini yenye nguvu ya 0.2%. Huchanganya vijiko 2 vya chakula, vilivyosawazishwa, vya klorini ya unga (65 hadi 70%) katika lita 10 za maji. Unga hutiwa kwenye maji; maji hayamwagwi juu ya unga. Dawa hupuliziwa mpaka sehemu yote ilowe, kisha huachwa angalau dakika 10 bila kufutwa. Baada ya hapo milango na madirisha huachwa wazi mpaka pakauke.

Sakafu ya udongo ina utaratibu wake, kwa sababu huwezi kuisugua. Timu hukwangua tabaka la juu lililolowa mpaka kuufikia udongo mkavu, na kulizika. Kisha hunyunyiza chokaa ya kujengea, hukaa siku moja, ndipo huletwa udongo mpya na kushindiliwa. Chokaa huunguza ngozi na macho, kwa hiyo watoto wasikaribie. Usimwage klorini juu ya chokaa, maana klorini itapoteza nguvu.

KAMA TIMU IMECHELEWA

Mvua kubwa ikigusa nyumba nyingi kwa siku moja, huenda ukasubiri. Unaweza kuanza mwenyewe kuondoa na kuosha. Kwa dawa, tumia klorini ya maji ya dukani iliyoandikwa 3.5% kwenye chupa. Kipimo ni kikombe cha mililita 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya chupa ya maji ya nusu lita.

- Sakafu ya saruji na kuta ngumu: vikombe 2 katika ndoo ya lita 10.
- Nguo na mablanketi yaliyokwisha kufuliwa: kikombe 1 katika dumu la lita 20. Loweka dakika 30, suuza, anika juani.

Tengeneza dawa mpya kila siku, katika chombo cha plastiki chenye mfuniko, kivulini. Usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, wala na mkojo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu. Usiimwage ndani ya shimo la choo. Haitapunguza ujazo wala kusafisha shimo. Dawa hii si ya kunywa, hata kwa matone. Maji ya kunywa chota bombani kama kawaida.

KIPI KIOSHWE, KIPI KITUPWE?

Swali hili ndilo linaloumiza zaidi. Tunajua kuwa mgao lazima ufike mwisho wa mwezi na kwamba godoro halipatikani kila siku.

Unga, maharage, mchele, chumvi na sukari vilivyoguswa na maji ya choo vitupwe. Kuanika hakusaidii, kwa sababu maji yameingia ndani ya punje. Kuosha na kupika pia kusikudanganye: utakuwa umekwisha kubeba uchafu hadi jikoni, mikononi na kwenye masufuria kabla maji hayajachemka. Lakini usitupe kimya kimya. Mwite kiongozi wa bloku aone na kuandika kiasi kilichoharibika, kisha peleka taarifa kwenye dawati la malalamiko la ugawaji. Hatuwezi kukuahidi kwamba utarudishiwa, lakini bila taarifa hakuna anayejua umepoteza nini.

Chakula cha kopo ambalo halijafunguliwa kinaweza kuokolewa. Osha nje kwa sabuni, futa kwa dawa ya sakafuni, suuza. Kopo lililovimba au lenye kutu iliyotoboa, tupa.

Godoro la sponji lililofyonza maji ya choo haliwezi kusafishwa hadi ndani. Litolewe. Mablanketi na nguo hufulika. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kianikwe kivulini. Klorini isitumike, huharibu dawa ya mbu. Madumu ya maji yatiwe sabuni na mchanga safi au vijiwe, yatikiswe kwa nguvu, yasuuzwe, kisha yatiwe dawa ya nguo kwa dakika 30 na kusuuzwa tena kabla ya kutekwa maji ya kunywa.

BAADA YA KAZI

Osha buti na glavu kwa sabuni kabla ya kuzivua, kisha nawa mikono mpaka kwenye viwiko na uoge. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Aliyechomwa na msumari au bati aende zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya pepopunda.

Angalia familia yako kwa siku 5. Mtu akianza kuharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, au kuhara na kutapika mfululizo, mpeleke kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Njiani mnyweshe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hayapo, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Homa ya ini aina ya E huchelewa zaidi, kati ya wiki 2 na 10. Mwenye macho ya manjano na mkojo mweusi asikae nyumbani, hasa akiwa mjamzito.

KUZUIA KABLA YA MVUA IJAYO

Mulika shimo la choo chako leo. Kinyesi kikiwa kimefika nusu mita chini ya sakafu ya choo, muda wa kukifunga umefika: jaza udongo na uombe eneo jipya kupitia kiongozi wa bloku. Inua udongo kuzunguka choo ili maji ya mvua yasiingie, na safisha mifereji ya bloku pamoja na majirani. Choo cha jirani wa juu kikifurika, maji yake huja kwako. Kwa hiyo kagueni pamoja, kabla mawingu hayajakusanyika.